Kabla Hujapiga Windo Upya

Msibani ndiko nilikojifunza. Mzee wetu mmoja wa hapa Kongowe alifariki, nami nikapewa kazi ya muziki, kwa sababu nina laptopu na kwa sababu sijawahi kukana watu wakiniita fundi. (Kongowe ninayoisema ni ya Kibaha, kwenye Barabara ya Morogoro, kati ya Maili Moja na Mlandizi. Ya Mbagala ni nyingine kabisa, na siku ile wapo waombolezaji walioanza kwa kwenda huko.)

Laptopu ilikuwa juu ya meza ya plastiki, waya umeingia kwenye mashine ya muziki, spika mbili kubwa zimeelekezwa kwenye turubai. Wakati wa kusoma wasifu wa marehemu ulipofika nikasimamisha nyimbo za kwaya, nikakunja mikono. Msomaji akafika pale penye majina ya watoto, mmoja baada ya mwingine, na turubai lote likatulia. Mtoto akapita akaigonga meza. Flashi yangu ilikuwa kwenye tundu lililolegea, ikapoteza mguso. Ding-du! Sauti ikatoka kwenye spika zote mbili hadi barabarani. Nikaisukuma irudi. Du-ding! Ikalegea tena. Ding-du! Nilipoikamata vizuri, WhatsApp nayo ikaona zamu yake imefika, ikaingiza meseji tatu mfululizo. Binti mmoja wa marehemu akajifunika uso kwa khanga, mabega yanamtikisika, na mpaka leo sijajua kama alikuwa analia au anacheka.

Kosa langu lilikuwa la kawaida sana. Nilidhani kusimamisha nyimbo ni kuinyamazisha laptopu. Laptopu haina mdomo mmoja. Ina midomo mitatu, kila mmoja unasema kwa sababu zake, na wengi wetu tunaujua ule mmoja tu unaofungwa kwa kitufe chenye picha ya spika.

Ndiyo maana tiba tunazozitumia mitaani hazikai. Ya kwanza ni kushusha sauti mpaka sifuri. Inafaa ukiwa maktaba, lakini haifai mtu anayehitaji sauti: anayeendesha video darasani, anayesikiliza mhadhara, anayepiga muziki kwenye shughuli. Ya pili ni ile ya pini: unachukua hedifoni mbovu, unakata waya, unachomeka pini peke yake ili laptopu idhani imevaa hedifoni. Nimeitumia, na kwa dharura inasaidia. Ya tatu ndiyo inayoniudhi, nayo ni kupiga windo upya, yaani kuifuta Windows na kuiweka tena.

Kijana wa jirani yangu alinunua laptopu ya mtumba, ile ambayo imefanya kazi ofisini ughaibuni miaka kadhaa kabla ya kufika kwetu. Kila akigusa Caps Lock, inalia. Akigusa Num Lock, inalia. Anasomea usiku kwenye chumba anacholala na wadogo zake wawili, kwa hiyo unaweza kuona shida. Akaipeleka kwa fundi, akaambiwa windo imeharibika, ipigwe upya, shilingi 25,000, na faili zake azihamishe kwanza kama anazipenda. Aliponiletea nilibonyeza kitufe cha Num Lock nikakishikilia kwa sekunde tano. Kelele zikaisha. Hakukuwa na kitu kilichoharibika. Ile ni huduma iitwayo Toggle Keys, iliyowekwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri, ili wasikie kwa masikio kama wamewasha herufi kubwa. Mwenye laptopu wa kwanza huenda aliihitaji, au mtu alilalia kibodi bila kujua.

Kwa hiyo, kabla hujashika chochote, tafuta kwanza anayepiga kelele humo ndani ni nani.

Chomeka hedifoni nzima, vaa, halafu subiri mlio. Ukiusikia masikioni, anayesema ni Windows au ni programu mojawapo. Ukiusikia umebaki tumboni mwa laptopu, mkavu kama wa saa ya mezani, hapo mara nyingi anayesema ni chuma chenyewe, na Windows haina habari naye. Dalili nyingine ni wakati: mlio unaotoka kabla nembo ya Windows haijatokea hauwezi kuwa wa Windows, maana yenyewe bado haijaamka.

Kuwatenganisha Windows na programu kuna njia moja ninayoipenda kuliko zote. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R. Kitafunguka kisanduku kidogo. Andika sndvol, kisha Enter. Utaona safu ya vipimo vya sauti, kila kimoja na jina lake: spika, sauti za mfumo zilizoandikwa System Sounds, kivinjari chako, WhatsApp, na kadhalika. Kiache kisanduku hicho wazi, uendelee na kazi. Mlio ukitoka, kipimo cha mhusika kitapanda kwa rangi ya kijani. Umemkamata. Kama ni System Sounds, shusha kidude chake peke yake hadi chini na muziki wako utaendelea kama kawaida. Ningelijua hili siku ya msiba, lingenitosha.

Lakini kwa mtu anayetaka kazi ya kudumu, twende chumbani kwenyewe. Rudia ule mbonyezo wa Windows na R, andika mmsys.cpl, Enter. Amri hii inafanya kazi Windows 7, 10 na 11, jambo ambalo ni nafuu kubwa, kwa sababu huku kwetu meza moja inaweza kuwa na zote tatu, ingawa msaada wa kampuni kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Dirisha litakalofunguka lina vichwa kwa juu. Bofya kilichoandikwa Sounds. Pale penye Sound Scheme chagua No Sounds, bofya Apply, na Windows imefungwa mdomo. Chini kidogo kuna kisanduku kilichoandikwa Play Windows Startup sound. Kiondolee alama ya vema kama hutaki mtaa mzima ujue umewasha laptopu saa kumi ya alfajiri.

Huo mlio wa kuwakia una hadithi yake. Wa Windows 95 ulitungwa na Brian Eno, mwanamuziki wa Uingereza. Amesimulia mwenyewe kwamba Microsoft walimpa orodha ndefu ya sifa walizozitaka, muziki wa kutia moyo, wa kisasa, wenye hisia, halafu mwisho wakamwambia usizidi sekunde tatu na robo. Alitunga vipande 84 ndipo wakachagua kimoja, na hicho chenyewe kikafika karibu sekunde sita. Miaka baadaye alikiri kuwa aliutengeneza kwenye kompyuta ya Apple. Kuanzia Windows 8 mlio wa kuwakia ulikuja umezimwa. Windows 11 ikaurudisha, ndiyo sababu walionunua laptopu mpya wanashtuka. Apple nao waliuondoa wa kwao kwenye MacBook Pro za 2016, halafu mwaka 2020, kwa mfumo wa Big Sur, wakaweka alama ya kuwasha na kuzima kwenye mipangilio ya sauti, iliyoandikwa Play sound on startup. Mwenye Mac aanzie hapo. Palepale ndipo penye sauti za tahadhari pia.

Turudi kwenye Sounds. Mimi simshauri mtu abaki na No Sounds hivihivi, na sababu ni umeme. Ukichagua No Sounds umezima pia kengele ya betri kwisha. Mtu wa nchi ambako umeme haukatiki anaweza kudharau hilo. Hapa unaandika, umeme unakatika bila wewe kutambua kwa kuwa ni mchana na taa hazijawashwa, laptopu inahamia kwenye betri kimyakimya, na dakika arobaini baadaye skrini inakuwa nyeusi ukiwa katikati ya sentensi. Kazi ya mchana mzima nimeipoteza namna hiyo, tena kwa uzembe wangu mwenyewe, wiki mbili tu baada ya kujisifu kuwa laptopu yangu haipigi tena kelele msibani.

Basi fanya hivi. Ukishachagua No Sounds, shuka kwenye orodha iliyo chini yake, Program Events. Tafuta Low Battery Alarm, ibofye, kisha kwenye kisanduku cha chini kabisa chagua mlio wowote na uujaribu kwa kitufe cha Test. Rudia kwa Critical Battery Alarm. Halafu bofya Save As, mpe mpangilio huo jina lako mwenyewe, maana siku utakayobadilisha mandhari ya Windows kwa sababu umependa picha ya maua, mandhari hiyo inaweza kuja na sauti zake na kukurudishia kelele zote. Ukiwa na mpangilio wenye jina, unauchagua tena, basi.

Kengele peke yake haitoshi kama betri ni ya uongo, na betri za mtumba nyingi ni waongo. Inasema asilimia 20, ukigeuka imezima. Windows kwa kawaida hupiga kengele ya kwanza ikifika asilimia 10, na kwa betri ya namna hiyo ni kama kupiga mbiu wakati nyumba imeshaungua. Nenda tena kwenye kile kisanduku cha R, andika powercfg.cpl, fungua mipangilio ya mpango unaoutumia, halafu ile ya ndani zaidi, Change advanced power settings. Shuka mpaka Battery, tafuta Low battery level, weka 25 au hata 30. Hakikisha na Low battery notification imewashwa. Kimya chako sasa kina mlinzi.

Mdomo wa programu hausumbui sana kuuelewa, unasumbua kwa wingi wake. Arifa zote kwa pamoja unazizima kwenye mipangilio ya Windows: bonyeza Windows na I, ingia System, kisha Notifications, uondoe alama kwenye Allow notifications to play sounds. Arifa zitaendelea kuonekana pembeni bila sauti. Kama ni programu moja tu inayokuudhi, ishughulikie hiyo hapohapo chini kwenye orodha. WhatsApp ya kwenye kompyuta ina mipangilio yake ya sauti ndani yake, na kwa shughuli ya watu mimi siitegemei mipangilio hiyo. Naifunga programu yenyewe.

Kivinjari ndicho chenye mchezo mchafu. Umekwenda kupakua wimbo, au kuangalia matokeo ya mpira, au tuseme ukweli, umekwenda kubeti. Tovuti ikakuuliza swali, ukabofya Allow ili ikuache uendelee. Tangu siku hiyo inakutumia matangazo usiku na mchana, na wewe unasema laptopu ina virusi. Mara nyingi haina. Kwenye Chrome ingia mipangilio, Privacy and security, Site settings, kisha Notifications. Utakuta orodha ya tovuti ulizozikaribisha mwenyewe. Zitoe zote usizozijua. Na kama ni ukurasa mmoja unaocheza video bila ruhusa, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kichupo chake, uchague Mute site.

Jambo jingine linalowachanganya wapiga muziki: simu ikiingia kwenye laptopu, muziki unashuka ghafla kama umekabwa. Hiyo si spika mbovu. Kwenye lile dirisha la mmsys.cpl kuna kichwa cha mwisho, Communications, na Windows imejiwekea humo kwamba kukiwa na mazungumzo ya simu ipunguze sauti nyingine kwa asilimia 80. Chagua Do nothing.

Kibodi nimeshaigusa kwa kisa cha yule kijana, ila Toggle Keys ina ndugu zake. Ukibonyeza Shift mara tano mfululizo unaamsha Sticky Keys. Ukishikilia Shift ya kulia sekunde nane unaamsha Filter Keys, na hapo kibodi inaanza kulia na kuchelewa kuandika, mtu anaona kama imerogwa. Watoto wanaocheza magemu ndio mafundi wa kuziamsha. Zote zinakaa kwenye Accessibility (kwenye Windows 10 inaitwa Ease of Access), sehemu ya Keyboard. Usizime huduma tu. Zima na ile njia yake ya mkato, la sivyo kesho mtoto ataiamsha tena. Ila kama laptopu mnaitumia pamoja na mtu asiyeona vizuri, muulize kwanza. Kwake yeye milio hiyo ndiyo macho.

Linabaki chuma. Mlio wa chuma hauzimwi ndani ya Windows bali ndani ya BIOS, ile menyu ya kizamani inayofunguka kabla ya Windows. Kwenye ThinkPad nyingi unaingia kwa F1, kwenye HP ni F10, kwenye Dell ni F2, ukianza kubonyeza mara tu baada ya kuwasha. ThinkPad za zamani zina sehemu ndani ya Config iliyoandikwa Beep and Alarm, na hapo unazima mlio wa kibodi na mingine. Laptopu nyingine hazina kipengele hicho kabisa, basi usikitafute kwa nguvu. Kabla ya kubadilisha kitu, piga picha ya skrini kwa simu yako, ili ukikosea ujue ulikotoka. Na ukikuta BIOS ina nenosiri, ambalo kwa mitumba iliyotoka maofisini ni jambo la kawaida, mrudie aliyekuuzia. Usikubali mtu aanze kubahatisha.

Hapa kwenye chuma ndipo ninapomwomba msomaji azuie mkono. Laptopu ikilia kwa kurudia wakati wa kuwasha na skrini ikabaki nyeusi, au taa ya Caps Lock ikawa inawaka na kuzima kwa hesabu, haikusumbui, inakusemesha. Ni namna ya mashine kutaja ugonjwa wakati haina skrini ya kuandikia. Mara nyingi ni kadi ya RAM iliyolegea au yenye vumbi, na vumbi la hapa, malori yanavyopita usiku kucha, halina mfano. Hesabu milio mingapi, mirefu au mifupi, uandike, umpelekee fundi hesabu hiyo. Fundi anayejua kazi atafurahi. Asiyejua atakwambia ipigwe windo, na hapo utakuwa umemjua.

Na kama sauti ni ya kugonga, tak, tak, tak, kutoka ndani kabisa, hiyo si sauti ya kuzimwa popote. Ni diski ngumu inakata roho. Acha kila kitu, nakili faili zako leo, siyo kesho.

Siku hizi kabla ya shughuli nina utaratibu wangu. Nazima intaneti kwenye laptopu. Nyimbo nazihamishia ndani, flashi naichomoa naitia mfukoni. Naongeza sauti ya spika kuliko ninavyokusudia, halafu naichokoza laptopu kwa makusudi: nachomeka kipanya na kukichomoa, nabofya pasipobofyeka, nagusa Caps Lock. Kama italia, ilie watu hawajaja.

Kuhusu ile kengele ya betri, milio ya Windows sikuipenda hata mmoja. Windows inakuruhusu kuweka sauti yako mwenyewe ilimradi faili liwe la WAV. Kinasa sauti cha Windows 11 kina chaguo hilo, na kwa Windows 10 utabadilisha faili kwa programu ya bure kama Audacity. Mahali ni palepale penye Low Battery Alarm, unabofya Browse unaelekeza faili lilipo. Nikamrekodi binti yangu, akiwa na miaka minne, akisema, “Baba, chaji!”

Wiki iliyopita umeme ulikatika usiku, watoto wamelala, mimi sebuleni namalizia kazi za watu. Saa sita kasoro sauti ikatoka. Mke wangu akatoka chumbani na tochi ya simu, moja kwa moja mpaka kitanda cha mtoto, akamfunika vizuri, akamwambia alale, baba yake anakuja.